Jinsi ya Kuunda Gari la Porini Huku Ukijenga Nyumba

Gari la porini na nyumba mpya hula kwenye mfuko mmoja, lakini si lazima vile vyote viwili vikae mezani siku moja. Nyumba ina wiki zake za kumeza pesa: kumwaga slabu, kuezeka, kuweka madirisha. Gari nalo lina zake: siku ya kulinunua, siku ya injini, siku ya tairi. Katikati kuna majuma marefu ya kazi ya mikono tu, kama kukwangua kutu, kuosha bolti na kusubiri zege likomae. Panga wiki za pesa za upande mmoja ziangukie wiki za mikono za upande wa pili. Asiyepanga hivyo huishia na chesisi tupu juu ya mawe katikati ya kiwanja, mvua ya Aprili ikiinyeshea giaboksi iliyofunikwa kwa mifuko ya simiti.

Mfano wetu hapa ni Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, iliyoanza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994. Bodi yake hutoka kwa bolti, chesisi yake inajitegemea, na mafundi wanaoijua wapo kuanzia Nakuru hadi Kisumu. Ukiwa na Land Cruiser au Suzuki, vipimo vitabadilika lakini mpangilio ni ule ule.

Mpangilio wenyewe ni huu. Gari linunuliwe likiwa linatembea, kabla msingi haujachimbwa. Slabu ya gereji imwagwe pamoja na ya nyumba. Kuta zikipanda, gari halifunguliwi. Unaliendesha na kuandika kila kasoro na kila kipuri. Nyumba ikishaezekwa, wengi mfuko huwa umekauka, na hapo ndipo chesisi inaingia, kwa kuwa kazi yake ni jasho kuliko shilingi. Injini inafunguliwa baada ya plasta. Rangi ya gari inapigwa silingi ya jipsamu ikishapigwa msasa na nyumba kufagiliwa.

Kuhusu pesa tuseme wazi: mkopo wa sacco uwe wa nyumba peke yake, na gari liendeshwe na mapato ya kila mwezi. Fungua akaunti mbili na madaftari mawili. Ukianza kukopesha gari pesa za mabati kwa wiki mbili tu, hazirudi.

Kununua gari

Linganisha logbuku na chesisi kabla ya kutoa hata amana. Kwenye Defender namba imegongwa kwenye reli ya kulia ya chesisi, mbele ya kiti cha springi ya mbele, na mara nyingi imezikwa chini ya matope na rangi. Isugue kwa brashi ya waya na mafuta taa. Usipige grainda hapo hata kidogo, kwa sababu alama za grainda juu ya namba zinaonekana kama namba iliyochezewa, na siku ya ukaguzi utakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Kama unapanga kubadilisha injini, rangi au aina ya bodi, jua kwamba mabadiliko hayo lazima yaingizwe kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, na logbuku irekebishwe. Mwambie na wakala wa bima. Gari lenye injini isiyo kwenye logbuku huleta shida siku ya ajali na siku ya kuuza.

Kisha chukua nyundo ndogo na bisibisi, ulale chini. Gonga boriti ya nyuma ya chesisi, gonga mikono ya pembeni inayobeba bodi, gonga juu ya reli pale zinapopanda kupita ekseli ya nyuma, ambapo matope hukaa bila kuonekana. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kopo lililojaa mchanga, na bisibisi inaingia. Angalia pia ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, kwenye pembe za juu karibu na bawaba za mlango na pale miguu inapokaa. Bodi ya alumini hudanganya macho: inaweza kung'aa huku ukuta huo umebaki rangi tu.

Injini iwake ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha oili ikiunguruma: mvuke mdogo ni kawaida, ila moshi unaopiga kwa mapigo maana yake pete za pistoni zimechoka. Kamata pia mpira wa juu wa radieta mara tu injini inapowaka, kisha uendeshe dakika 20. Kama mpira umekakamaa kama jiwe mara tu baada ya kuwasha, au baada ya safari hiyo tangi la maji linatoa vipovu, shuku gasketi ya kichwa. Kichwa cha 300Tdi ni cha alumini, na ikichemka mara moja sawasawa kinapinda.

Gereji ndiyo kazi ya kwanza ya gari

Iweke kwenye ramani inayopelekwa kaunti tangu mwanzo. Kuiongeza baadaye ni kuanza idhini upya.

Defender 110 ina urefu wa mita 4.6 hivi, upana wa mita 1.79 na kimo cha mita 2 na kidogo. Lakini hulijengei gereji gari lililoegeshwa. Unalijengea gari lililotapanywa. Bodi ikitolewa inahitaji nafasi kando ya chesisi, na meza ya kazi inahitaji ukuta wake. Mita 6 kwa 7 inatosha bila kubanana. Mlango uwe na upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, kwa sababu springi ndefu, tairi, kerea ya juu na hema lililokunjwa hulipandisha gari hadi karibu mita 2.5. Hapa ndipo wengi hukosea: fundi wa mawe husawazisha linta zote kwa kimo cha milango ya nyumba, mita 2.1, asipoambiwa mapema. Mwandikie kipimo cha mlango wa gereji ukutani kwa chaki kabla kuta hazijafika kifuani.

Sasa slabu. Kwa ukubwa huo, unene wa sentimita 15 unahitaji zege mita 6.3 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 hiyo ni mifuko kama 41 ya simiti ya kilo 50, mchanga mita 2.9 za ujazo ambao ni karibu tani 5, na kokoto mita 5.7 ambayo ni karibu tani 9. Ongeza asilimia 5 ya kupotea. Chini yake weka mawe ya kujazia yaliyoshindiliwa sentimita 25, juu yake vumbi la kokoto sentimita 5, halafu nailoni nzito ya geji 1000. Waya wa BRC A142, yaani wavu wa chuma wa kuimarisha zege, wenye nondo za milimita 6 kwa nafasi ya milimita 200, uinuliwe kwa vipande vya zege ukae juu kidogo ya katikati ya unene, na vipande vya waya vipishane sentimita 30. Waya uliolala juu ya nailoni hausaidii kitu, na vibarua hupenda kuukanyaga hadi chini wakimwaga. Simama hapo uwasimamie.

Sakafu iteremke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni, na iwe laini ya kupigwa mwiko wa chuma. Krini ya kuinulia injini ina vigurudumu vidogo vya chuma. Kwenye sakafu ya mikwaruzo inakwama ikiwa imebeba injini, na hapo ndipo inapopinduka. Mwagilia zege na ulifunike kwa magunia mabichi kwa siku 7. Usiweke stendi wala krini kabla ya siku 28, kwa sababu mguu wa stendi hukandamiza sehemu ndogo sana kuliko tairi.

Udongo wa mji wenyewe una tabia zake. Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkano, udongo mwepesi unaobebwa na maji na kuacha nyufa na mashimo baada ya mvua kubwa. Kwa hiyo chimba hadi udongo mgumu, shindilia kwa tabaka, na maji ya paa yapelekwe kwa mfereji hadi kwenye tangi au mtaro. Yasimwagike kando ya msingi. Kwenye tambarare za Kano karibu na Kisumu, upande wa Ahero, adui ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Huo hauzikwi chini ya slabu, unaondolewa wote.

Shimo la kukagulia gari hatulipendekezi. Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni mizito kuliko hewa, hutulia shimoni hadi cheche ifike. Stendi nne za tani 3 kila moja zinatosha. Na usininginize injini kwenye mbao za paa hata kwa dakika moja: 300Tdi ina zaidi ya kilo 200, na mbao hizo zilipimwa kwa mabati na upepo.

Kabla ya plasta, fundi wa stima apitishe waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye mita hadi gerejini, wenye breka yake ya ampea 32, kwa ajili ya mashine ya kuchomelea. Kompresa ipewe soketi yake. Mashine ya kuchomelea iliyounganishwa na ekstensheni nyembamba ya mjengo hukosa nguvu. Mshono unakaa juu ya chuma kama nta bila kuingia, huku waya ukiyeyuka ndani ya koili yake.

Vitu vya mjengo vinavyoua gari

Mota bichi ni kali, na bodi ya Defender ni alumini. Tone la mota likidondokea bawa la gari, pembeni mwake hutokea vipovu vidogo: ni alumini inayoliwa. Ukilifuta papo hapo kwa maji mengi hakuna neno. Ukilifuta kesho yake linaacha doa jeupe lenye vishimo ambavyo ukucha unavihisi, na rangi mpya haitakaa hapo hadi ukwangue hadi chuma safi. Ndiyo sababu gari halibebi simiti wakati wa mjengo, hata kama lina nafasi. Mfuko mmoja ukipasuka nyuma, unga unaingia kwenye viungo vya bodi, mvua ya kwanza inaugeuza mota ndani ya mikunjo usiyoifikia. Lori la hardware lilete simiti.

Vumbi la mawe yanayokatwa kwa grainda ni msasa unaopeperuka. Likiingia kwenye beringi au silinda iliyo wazi, linasaga kimya kimya. Funga kila tundu la injini, giaboksi na ekseli kwa plastiki na tepu siku lilipofunguliwa. Vitambaa visitumike: vinashika unyevu, na mara nyingine husahauliwa ndani.

La tatu halitajwi sana. Fundi wa vigae akimaliza huosha sakafu kwa asidi ya haidrokloriki. Mvuke wake hutembea nyumba nzima. Diski ya breki iliyokuwa inang'aa jioni inaamka na unga wa rangi ya machungwa. Beringi mpya ndani ya boksi la karatasi hupata madoadoa, na spana zote hupata kutu. Siku ya asidi, gari, vipuri na zana vitoke nje ya kiwanja, na vikae huko hadi sakafu ioshwe kwa maji mara mbili na madirisha yawe yamekaa wazi siku nzima. Chupa ya asidi yenyewe isihifadhiwe gerejini, hata ikiwa imefungwa.

Chesisi

Kabla ya kutoa bodi, pima mishazari ya chesisi: kutoka kiti cha springi cha mbele kulia hadi cha nyuma kushoto, kisha upande mwingine. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, gari liliwahi kugongwa, na kuchomelea viraka juu ya chesisi iliyopinda ni kuipigilia msumari ulemavu wake. Piga picha kila waya na kila bomba la breki. Bolti za kila sehemu ziingie kwenye kopo lake lenye jina.

Fundi anayetengeneza mageti na grili za nyumba yako anaweza kuwa hodari sana, lakini usimpe chesisi kwa sababu tu yupo pale. Geti likiachia mshono linalegea. Chesisi ikiachia, ekseli inaondoka. Tafuta fundi anayekata kipande alichochomelea na kukuonyesha kwamba mshono umeingia upande wa pili.

Kuta za reli ni chuma cha kama milimita 2, kwa hiyo kiraka kiwe cha geji 14 au milimita 3. Kata kuoza kote hadi chuma kinachong'aa. Kiraka kinachobandikwa juu ya kutu kinakuwa kifuniko tu. Ncha za kiraka zikatwe kama almasi, zisikatwe wima, kwa kuwa mshono ulionyooka kukatiza reli ni mahali pa kuvunjikia. Tumia waya wa milimita 0.8 kama mashine ni ya gesi, au fito za 2.5 za E6013 kama ni ya kawaida. Chomelea vipande vifupi ukirukaruka pande ili joto lisipinde reli. Tangi la dizeli litolewe, betri na altaneta zichomolewe waya, na kibanio cha ethi kishikwe karibu kabisa na mshono. Kikishikwa mbali, umeme unapita kwenye beringi na kuziachia vidoa vya moto.

Rangi nyekundu ya mageti haitoshi hapa. Ikiachwa peke yake inafyonza unyevu. Anza na praima yenye zinki, kisha rangi nzito ya chesisi mara mbili. Ndani ya reli nyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu kupitia matundu yaliyopo. Usizibe tundu lolote la chini, hapo ndipo maji yanapotokea.

Springi, ekseli na tairi

Kuinua gari sentimita 5 kwa springi kunatosha kwa njia mbovu za Menengai, Mau Narok na Molo. Zaidi ya hapo unanunua matatizo: mipira ya breki inavutika gari likining'inia, pembe ya kasta, ule mwinamo unaorudisha magurudumu ya mbele yanyooke, inapungua na usukani unatangatanga barabarani, propela ya mbele inaanza kutetemeka, na ekseli inasogea upande mmoja kwa sababu ya rodi yake ya kulala. Hata kwa sentimita 5, weka mipira mirefu ya breki na bushi za kurekebisha kasta.

Tairi za 235/85R16 zina kipenyo cha karibu milimita 806 na hazihitaji kukata bodi. Za 285/75R16, karibu milimita 834, zinaongeza takriban asilimia 3.5, kwa hiyo mita ya kasi itasoma pungufu kwa kiasi hicho. Za inchi 35 huvunja hafu shafti. Kwenye tope shusha upepo hadi psi 18, na uujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Pumzi za ekseli zipandishwe kwa mipira hadi juu ya injini. Ekseli yenye joto ikiingia mtoni, hewa ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona rangi hiyo, imwage siku hiyo hiyo.

Injini na giaboksi

Mkanda wa taiming ubadilishwe bila kujali muuzaji alisema nini, na baada ya hapo kila kilomita 60,000, kwa vumbi letu. Ukikatika, fito zinazosukuma valvu hupinda. Injini ifungwe kwa pini zake za taiming, kwenye flaiwili na kwenye pampu ya dizeli. Alama za chaki hazitoshi. Mkanda wa zamani ukionekana kusagika upande mmoja au kuna unga mweusi ndani ya kifuniko, puli haziko mstari mmoja, na mkanda mpya utasagika vilevile. Badilisha vizibo vya plastiki vya radieta na nyumba ya thamostati kwa vya shaba; vikizeeka hupasuka na maji yote huondoka.

Giaboksi ya gari hili, R380, haitumii oili nzito ya gia ya EP90. Ukiitia, gia zinakuwa ngumu asubuhi na sinkro zinakufa. EP90 ni ya LT230, ile kesi ya nyuma yenye gia ya chini, lita 2.3 hivi. Kesi hiyo ikipungua oili huku giaboksi ikijaa kupita kiasi, sili kati yao imekufa. Ibadilishe sasa, giaboksi ikiwa bado chini.

Stima ya gari

Fundi wa stima ya nyumba asiguse gari. Kila waya mpya uwe na fyuzi karibu na betri, ndani ya sentimita 20. Taa mbili za wati 55 huvuta ampea 9 na kidogo: waya wa milimita 2.5, fyuzi ya 15, na rilei. Winchi iwe na nguvu ya mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa. Kwa gari la tani 2.8, pauni 9,500 ndizo. Ikivuta kwa nguvu zote inakula zaidi ya ampea 400, kwa hiyo kebo yake isiwe chini ya milimita 35 za mraba.

Kulijaribu

Kilomita 50 za kwanza ziwe karibu na nyumbani, Lanet na kurudi, kisha kaza tena nati za magurudumu na bolti zote za springi. Gusa kila kitovu cha gurudumu kwa mkono: kimoja kikichoma kuliko vingine, beringi imekazwa mno au breki inashika. Rudia kukaza baada ya kilomita 500. Ndipo upande Menengai kwa mawe, na baadaye Mau kwa tope.

Tope la Mau likikauka ndani ya reli linakaa kama matofali na kushika unyevu miezi. Lioshe siku ile ile kwa mpira wa maji kupitia matundu ya chesisi hadi maji yatoke safi, na kwa ajili hiyo bomba la nje la nyumba liwe upande wa gereji, lenye zege la kuegeshea mbele yake na mtego wa grisi kabla ya maji kufika kwenye shimo la maji machafu. Bomba hilo lichorwe kwenye ramani ile ile ya kwanza, kwa sababu kulileta baadaye ni kupasua sakafu uliyokwisha kuilipia.